Kosa Lililoitwa la Muda

“Rudia,” Mama Pacha alisema. “Rudia hapo ulipoliita kosa la muda. Labda nina pamba masikioni.”

“Dada, punguza sauti.”

“Mimi si dada yako. Dada yako angekuwa ameshakuzaba kofi. Rudia.”

Meneja aliufunga mlango wa chumba cha mikutano kwa kisigino, maana mikono yake ilikuwa imejaa: kompyuta huku, chupa ya maji huku, na tai ambayo hajaifunga ilimning'inia shingoni kama kamba ya mbuzi aliyetoroka. Wageni wa kukagua mkataba walikuwa wanakuja mchana. Ofisi nzima ilikuwa imepigwa deki mpaka inateleza, na hata lile ua la plastiki la mapokezi lilikuwa limefutwa vumbi jani kwa jani.

“Ni la muda,” Meneja alisema, “kwa sababu litaisha.”

“Litaishaje?”

“Wataongeza ule msimbo kwenye kamusi, basi, limekwisha.”

“Akina nani?”

“Watu wa kamusi.”

“Lini?”

Meneja alifungua chupa akanywa, na haikuwa kiu.

Mama Pacha alikuwa bado ana mkoba begani. Ndiyo kwanza arudi kazini baada ya kukaa nyumbani na watoto wake pacha, waliopeana tetekuwanga kwa zamu, huyu akipona yule anaanza. Alitegemea kukuta kazi imelundikana. Hakutegemea kukuta imefichwa.

Kazi yenyewe haikuwa ya kujisifia barabarani, kwa sababu ukimweleza mtu anasinzia. Kampuni yao iliendesha programu inayobeba taarifa za wagonjwa: majibu ya maabara kwenda wodini, maagizo ya dawa kwenda famasia, rufaa kutoka hospitali hii kwenda ile. Daktari haioni programu hiyo, kama vile wewe huoni bomba lililo ndani ya ukuta. Unaona maji tu, na unalikumbuka bomba siku maji yasipotoka. Ujumbe ukikwama njiani, dawati la makosa, yaani Mama Pacha na wenzake, ndilo linaloamua umekwama kwa kosa la aina gani.

Makosa ya kudumu ni yale ambayo hata ujaribu mpaka kesho kutwa hayatoki. Programu inaukataa ujumbe, inaurudisha kwa aliyeutuma, na taarifa nyekundu inamfikia yeye na mkuu wa wodi iliyokuwa inausubiri. Mtu anashika simu, anapiga kelele, kazi inafanyika. Makosa ya muda ni mambo ya mtandao kukatika au umeme kuzimika. Hapo programu inaushikilia ujumbe na kujaribu tena, na tena, bila kumsumbua mtu. Anayechagua aina ya kosa anachagua nani aambiwe na nani aachwe gizani. Mama Pacha aliwaimbia wenzake jambo hilo tangu siku ya kwanza, mpaka wakawa wanamwigiza akipita.

Sasa, alipokuwa nyumbani anawapaka watoto dawa ya muwasho, maabara moja kubwa ilinunua mashine mpya ya kupima damu. Mashine ikaanza kutuma kipimo cha potasiamu kwa msimbo mpya, na msimbo huo haukuwemo katika kamusi ya vipimo inayotumiwa na hospitali zote. Kila jibu la potasiamu kutoka maabara ile likagonga mwamba. Yakaanza kurudi mekundu, na ile skrini kubwa ya ukutani, ambayo huhesabu makosa ya kudumu peke yake, ikageuka nyekundu pia. Ofisini walimwita Meneja “Kijani Kibichi”, kwa sababu akiingia asubuhi huisalimia skrini kabla ya watu. Nyekundu ile ilimnyima usingizi. Basi akalitoa kosa la “msimbo haujulikani” kutoka fungu la kudumu, akalihamishia fungu la muda. Skrini ikawa kijani. Majibu ya damu za watu yakaingia foleni, yakakaa kimya.

“Kosa la muda ni umeme,” Mama Pacha alisema. “Ni mtandao. Ni kitu kinachopona chenyewe. Msimbo usiojulikana utajifunza wenyewe kujulikana? Utaenda shule ya jioni?”

“Usinifundishe kazi.”

“Nani atakufundisha sasa? Aliyekufundisha mwanzo inaonekana alikimbia kabla somo halijaisha.”

Mlango ulikuwa umefunguliwa kidogo, na hapo kulisikika kicheko kilichomezwa. Alikuwa Fundi, mwandishi wa programu wao, mtu mzima mwenye kipara na watoto wanne, ameshika waya aliotumwa kuuleta kwa ajili ya wageni. Alipoona ameonekana alikohoa.

“Ingia,” Mama Pacha alimwambia. “Wewe ndiye nilikuwa nakutafuta. Sheria ya dawati letu unaijua. Mmoja anapanga, mwingine anaidhinisha, hakuna anayebadilisha aina ya kosa peke yake. Bosi alipanga. Nani aliidhinisha?”

Fundi aliutazama ule waya kana kwamba ndio ulioulizwa.

“Mama, niliambiwa ni siku mbili tatu tu.”

“Uliambiwa! Na ulipoambiwa, akili zako zilikuwa zimeenda likizo na mimi?”

“Nilituma maombi,” Meneja aliingilia. “Siku ileile niliwaandikia watu wa kamusi waongeze msimbo. Nikawaandikia tena. Ningejuaje wataukalia? Unaniona mimi shetani, lakini wageni hawa wakiona nyekundu mkataba hawaongezi, na mkataba ukifa, hakuna dawati la makosa. Wewe na pacha wako mtakula nini? Fundi na wanne wake je? Nilikuwa nawalinda.”

Alilisema kwa moyo, na hilo ndilo lililompandisha Mama Pacha mori zaidi. Mwongo angeweza kumvumilia. Huyu aliamini.

“Mdogo wangu yuko kwenye benchi sasa hivi,” alisema. “Unajua benchi gani?”

Meneja hakujua, na jinsi alivyoangalia saa ilionyesha hana haja ya kujua. Mama Pacha akamweleza hata hivyo.

Mdogo wake, tumbo moja, alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali ya ng'ambo ya mji. Juzi alipokea mtoto mwenye ugonjwa wa figo. Damu ikatolewa, ikapelekwa maabara. Mdogo mtu akafungua kompyuta ya wodi kuangalia potasiamu, hakuna. Akafungua tena, hakuna. Akapiga simu maabara, wakamjibu kwa ukali wa watu waliochoka: tumeshatuma, angalieni kwenu. Na kweli kwao iliandikwa “imetumwa”, kwa sababu programu huandika hivyo mara tu inapoupokea ujumbe. Zamu ikaisha, akamkabidhi mwenzake, akaenda nyumbani. Potasiamu ya mtoto yule ilikuwa juu kupita kiasi na hakuna aliyejua, mpaka moyo wake ulipoanza kwenda mrama. Sasa alikuwa chumba cha mahututi, anapumua kwa mashine, na kamati ya nidhamu ilikuwa inakaa asubuhi hii kumuuliza muuguzi kwa nini aliyapuuza majibu yaliyotumwa.

“Ile ‘imetumwa’ ndiyo kitanzi chake,” Mama Pacha alisema. “Amenipigia nikiwa njiani, analia mpaka maneno hayatoki. Nimefika hapa, hata kiti sijakivuta, nimeiona hiyo potasiamu imekaa kwenye foleni yetu. Na haiko peke yake. Nyuma yake kuna umati.”

Fundi alikaa kwenye kiti cha karibu, taratibu, kama mtu aliyekatwa maini.

“Nimesikitika,” Meneja alisema. “Kweli. Lakini sikiliza, maana habari nzuri hukunipa nafasi ya kukwambia. Kamusi mpya imefika leo asubuhi. Msimbo umo. Fundi akiipakia, foleni yote inapita, majibu yote yanafika wodini, na wageni hawajashuka hata kwenye gari. Umepata unachotaka. Hakuna kelele, hakuna nyekundu. Tunasonga mbele.”

Kwa kitambo kidogo Mama Pacha alipata nafuu. Yote yapite. Si ndicho alichokuja kudai? Alikuwa amekwisha kuushusha mkoba begani aliposita. Kazi aliyoifanya miaka yote hiyo ilikuwa imemfundisha kuuliza swali moja zaidi kabla ya kushukuru.

“Fundi. Majibu yakipita leo, kule wodini yanajipanga kwa tarehe gani?”

Fundi alijikuna kipara.

“Ya damu kutolewa.”

“Sio ya leo?”

“Sio ya leo, mama. Yanaenda kukaa chini ya siku ile.”

“Kwa hiyo kamati wakifungua faili la mtoto leo?”

“Wataikuta potasiamu. Imekaa siku yake.”

“Kana kwamba ilikuwepo.”

“Kana kwamba ilikuwepo. Saa ya kufika imeandikwa, lakini kwenye kumbukumbu za ndani, na hizo hufunguliwa na sisi tu.”

Nje mfagiaji alikuwa anaburuta ndoo, na ndoo ililia sakafuni kama mtoto asiyetaka kuoga.

“Na mgonjwa ambaye bado yuko kitandani,” Mama Pacha aliendelea, sauti yake sasa imeshuka, jambo ambalo wanaomjua huliogopa kuliko makelele, “daktari wake anasubiri jibu la wiki iliyopita, amechoka, ameacha kusubiri. Jibu linaingia leo, linajificha chini ya wiki iliyopita. Nani ataifungua wiki iliyopita kuangalia?”

“Hakuna,” Fundi alisema.

“Nimekuuliza wewe, Bosi.”

Meneja aliiweka chupa mezani, akavuta kiti karibu, akaketi kwa namna ya mtu anayetaka kuzungumza kifamilia.

“Haya. Tuzungumze kama watu wazima. Nitaandika barua, sasa hivi, kwa hospitali ya mdogo wako, kwa siri. Nitasema kulikuwa na hitilafu ndogo kwa ujumbe mmoja, muuguzi hana kosa. Nitasaini mimi mwenyewe. Mdogo wako anatoka pale msafi kama nguo mpya. Hayo mengine tuachie, yapite, tutayarekebisha polepole.”

Simu ya Mama Pacha ikaita. Alikuwa mdogo wake. Aliipokea palepale, bila kuwapa mgongo.

“Dada,” sauti ilisema, ndogo, iliyokauka, “wametoka kuniambia nikikiri wataniachia na onyo. Nisipokiri, leseni. Wameniletea na kalamu.”

“Kalamu hiyo iache ilipo.”

“Dada, mimi nimechoka. Labda kweli sikuangalia vizuri. Labda ilikuwepo.”

Hapo Mama Pacha alifumba macho. Huyu ndiye ambaye Mama Pacha alimbeba mgongoni, yeye mwenyewe akiwa bado ana meno ya utoto. Ndiye aliyekuwa akikagua ufunguo wa mlango mara tatu kabla ya kulala, mpaka nyumba nzima ikamcheka. Sasa walikuwa wamemfikisha mahali pa kuyatilia shaka macho yake mwenyewe.

“Haikuwepo,” alisema. “Nisikilize. Haikuwepo, mimi nimeiona iliko. Ukikiri jambo ambalo hukulifanya, nitakuja hapo hospitali nikuchape mbele ya kamati, na wao nitawaongezea. Waambie wasubiri. Kaa hapo, usisaini.”

Akakata simu.

Meneja alikuwa ameshafungua kompyuta, anaandika barua. Vidole vyake vilikwenda mbio. Alikuwa tayari amefika kwenye “kwa heshima na taadhima”.

Mama Pacha alimwangalia akiandika. Barua ile ingefanya kazi, hilo alilijua. Mdogo wake angetoka kwenye benchi lile akiwa na kazi yake na jina lake, jioni wangekaa jikoni wacheke na kulia. Na muuguzi mwingine, wa wodi nyingine, ambaye hana dada kwenye dawati la makosa, angeletewa kalamu kesho. Angeona potasiamu imekaa siku yake, aseme labda kweli sikuangalia vizuri, asaini. Na mgonjwa wake angelala palepale, na jibu lake chini yake kama noti iliyosahaulika chini ya godoro.

“Hiyo barua usiimalize,” alisema.

“Unataka niseme nini zaidi?”

“Usiseme kitu. Umeshasema vya kutosha.”

Alitoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake, akapita mbele ya ile skrini ya kijani bila kuitazama, akavuta kiti na kukaa na mkoba bado mkononi. Fundi alimfuata. Nyuma ya Fundi alikuja Meneja, tai inapepea.

Mama Pacha alifungua orodha ya aina za makosa. “Msimbo haujulikani.” Aina: la muda. Alibadilisha: la kudumu. Programu ikamwonya kwamba ujumbe wote uliomo kwenye foleni kwa kosa hilo utakataliwa na kurudishwa kwa walioutuma, na taarifa kwenda kwa wakuu wa wodi zote zinazohusika. Ikamtaka aandike sababu. Kwa kawaida watu huandika “marekebisho”. Yeye aliandika: *Majibu haya hayakuwahi kufika wodini. Tuliyashikilia sisi kwa kosa letu. Wauguzi na madaktari hawakuyaona. Mpigieni simu daktari wa mgonjwa sasa hivi.*

“Unafanya haya kwa ajili ya mdogo wako,” Meneja alisema juu ya bega lake. “Usijifanye mtakatifu.”

“Kwa ajili ya mdogo wangu ningekuacha umalize barua.”

“Wageni wanaingia mchana huu! Unaelewa watakachokiona?”

“Wataona hesabu ya kweli. Waambie ni kivutio.”

“Ukibonyeza hapo, kesho usije.”

“Kesho nitakuja kuchukua kikombe changu,” Mama Pacha alisema, akabonyeza.

Kisanduku kidogo kikatokea: *Inasubiri idhini ya mtu wa pili.*

Wote wawili walimgeukia Fundi. Alikuwa amesimama katikati ya meza mbili, ule waya bado mkononi, ameuzungusha kwenye ngumi.

“Fundi,” Meneja alisema kwa upole, “nenda ukapakie kamusi. Kazi ya dakika chache. Nitakukumbuka.”

Mama Pacha alitaka kusema jambo. Alikuwa nalo kali, tayari ulimini. Akalimeza. Fundi alikuwa ameshaambiwa vya kutosha na watu wengine. Safari hii na aambiwe na nafsi yake.

Fundi aliuweka waya mezani, akaenda kwenye mashine yake, akakaa. Alisoma maneno yaliyoandikwa, midomo ikicheza.

“Mama,” alisema bila kugeuka.

“Sema.”

“Ongeza watoe damu upya. Potasiamu ya wiki iliyopita haitibiwi leo. Wakiitibu hiyo ya zamani tutaua wengine.”

Meneja alishika kichwa. “Fundi! Na wewe?”

“Ongeza, mama, kabla sijaingiwa na woga tena.”

Mama Pacha aliongeza: *Chukueni damu upya kabla ya kutibu.* Akatuma.

Fundi akaidhinisha.

Hakuna kilicholia wala kilichowaka. Ile skrini ya ukutani ilikaa kijani kidogo, kama inayofikiri, kisha ikageuka nyekundu yote, kutoka kona hadi kona, na namba zikaanza kupanda. Meneja aliitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua, kisha akaivua ile tai ambayo hakuwahi kuifunga, akaitupa mezani.

Mama Pacha alikuwa ameshampigia mdogo wake.

“Ingia ndani. Usisubiri kuitwa. Mwambie mkuu wa wodi afungue taarifa iliyomfikia sasa hivi, aisome kwa sauti, kamati nzima isikie. Nenda.”

“Dada, umefanya nini?”

“Nenda, bwana!”

Simu ya mezani ilianza kuita kabla hajaishusha ya mkononi. Kisha ya meza ya pili. Kisha ya mapokezi, mpaka ofisi nzima ikawa inalia. Fundi aliinuka kwenda kupokea moja, na mfagiaji, ambaye hakujua kinachoendelea, alisimama na ndoo yake akiangalia skrini. Mama Pacha alinyanyua ya kwake.

“Dawati la makosa,” alisema. “Ndiyo. Hapana, hamkukosea nyinyi, hayakufika. Tumekosea sisi. Nani yuko na mgonjwa sasa hivi?”